Maji Salama kwa Nani? Jinsi Kikomo cha Kemikali Kinavyowekwa kwa Viumbe wa Majini

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, kufuatia taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa la haki: je, mlaji yu salama? Liko hata hivyo swali la pili, ambalo husikika kwa nadra katika mafundisho yetu juu ya mazingira: samaki mwenyewe, pamoja na konokono na vijidudu vinavyoishi naye, wanastahimili kiasi gani?

Majibu ya maswali haya mawili hayafanani. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi hicho, kisichomdhuru mwanadamu, chaweza kuwaua samaki wengi, kwa kuwa shaba huwashambulia katika matamvua wanayopumulia. Ndiyo sababu viumbe wa majini huwekewa kikomo chao wenyewe.

Kazi huanzia maabara. Huchukuliwa mwani mdogo, vijidudu vya maji baridi vinavyorukaruka kama viroboto, na samaki: yaani anayejitengenezea chakula, anayemla huyo, na anayewala wote wawili. Samaki huwekwa kwa saa 96 katika maji yenye kemikali ya viwango mbalimbali, na hutafutwa kiwango kinachoua nusu yao. Bila shaka nusu kufa si usalama. Kwa hiyo tarakimu hiyo hugawanywa. Katika utaratibu wa Ulaya, pakiwepo majaribio haya ya muda mfupi tu, kiwango cha chini kabisa kilichopatikana hugawanywa kwa 1000. Yakiwepo majaribio marefu yanayochunguza ukuaji na uzazi wa makundi yote matatu, kigawanyo hushuka hadi 10. Kadiri tunavyojua machache, ndivyo tunavyotakiwa kujizuia zaidi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo sayansi hii inapokuwa nyenyekevu kuliko mahali pengine popote, nayo inakutana na fundisho la Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka Laudato si’ wa mwaka 2015, namba 186: palipo na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika kamili si kisingizio cha kuchelewa kuchukua hatua.

Lakini kikomo hupatwa na makosa pale kinapouliza juu ya kifo peke yake. Zamani meli nyingi zilipakwa rangi yenye kemikali iitwayo tributilitini, ili kombe na mwani wasing’ang’anie sehemu iliyo ndani ya maji. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona makombe yakinenepa na kupotoka umbo, na vifaranga wa chaza wakikosekana. Kwenye miamba ya Uingereza konokono wa kike waliota viungo vya kiume. Njia ya mayai ikazibwa, wakafa na mayai tumboni. Madhara hayo yalianza kwenye kiasi cha takriban nanogramu 1 kwa lita, sawa na gramu moja katika lita bilioni moja. Kwa kiasi hicho konokono hafi katika siku nne. Anaishi, ila hazai.

Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulianza kutumika mwaka 2008. Tazama pia jinsi kikomo kilivyoshuka: Uingereza ililenga kwanza nanogramu 20 kwa lita, kisha 2, na sasa wastani wa mwaka unaokubalika katika Umoja wa Ulaya ni 0.2. Kile kilichoitwa salama mwanzoni kilikuwa mara mia ya kile kinachokubalika leo.

Maabara hueleza kinachotokea. Hasara ipi ikubaliwe, hilo huamuliwa na watu. Hesabu nyingi za siku hizi hulenga kulinda asilimia 95 ya aina za viumbe. Asilimia 5 iliyobaki ni akina nani? Konokono asiyeuzwa sokoni anaweza kuwa miongoni mwao, na hana wa kumsemea. Namba 33 ya waraka huo yatukumbusha kwamba viumbe wana thamani yao wenyewe, si kwa sababu ya faida yetu tu. Kanisa halipangi nanogramu. Laweza, hata hivyo, kuuliza katika kila meza ambako kikomo kinajadiliwa, iwe cha mgodi, shamba au bandari: ni kiumbe yupi aliyepimwa, kwa muda gani, na je, aliulizwa juu ya uzazi wake?

Konokono wale wa Uingereza wamerudi katika fukwe nyingi tangu rangi ile ikomeshwe. Wamerudi polepole, kwa sababu watoto wao hawaelei baharini. Hutoka katika mayai yaliyobandikwa mwambani na kutambaa.