Weupe wa Theluji na Hewa Iliyo Katikati

Anayejifunza kuchora mandhari ya theluji hukimbilia rangi nyeupe, na hapo ndipo anapoiua picha. Weupe ukitanda kila mahali, bonde na kilima huwa kitu kimoja. Umbali katika picha ya namna hii huletwa na hewa, na ili hewa ionekane lazima mchoraji aufanyie weupe ubahili. Ushahidi ni La Pie, picha ambayo Claude Monet aliichora karibu na Étretat, Ufaransa, katika majira ya baridi ya 1868 na 1869. Ndege wa jamii ya kunguru ametua juu ya lango la fito, na kivuli cha uzio kimelala juu ya theluji kikiwa cha buluu. Kamati ya maonyesho ya Salon ya Paris iliikataa mwaka 1869, ilhali Monet alikuwa amechora kweli tupu: kivulini jua halifiki, lakini mwanga wa anga unafika, nayo theluji huurudisha ulivyo.

Wapo watakaosema kwamba theluji ni nyeupe, basi ichorwe nyeupe. Ni nyeupe kweli ukiishika mkononi, ila mchoraji huitazama kupitia kilomita kadhaa za hewa, na hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko wa rangi nyingi nyingine. Ndiyo maana milima ya Usambara, pamoja na misitu yake ya kijani, ukiwa mbali huiona ya buluu. Kwa hiyo shina la karibu lipewe kahawia nzito, la mbali kijivu chenye buluu na kingo zilizofifia. Theluji ya mbali inayopigwa na jua huenda kinyume: buluu yake hupungua njiani, ikafika machoni na umanjano kidogo. Wengi hukosea hapa kwa kupaka buluu kila kilicho mbali.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Pieter Bruegel. Katika picha yake ya wawindaji ya 1565, iliyoko Vienna, umbali unaletwa na safu ya miti inayoteremka na watu wadogo mno kwenye barafu. Nakubali, mistari na ukubwa hufanya kazi kubwa. Hata hivyo, wawindaji na mbwa wao wana rangi nzito, na vilele vya nyuma vimepauka. Vikolezwe vile, mlima utasogea mbele. Basi anza na kijivu, na nyeupe safi iguse turubai mwisho kabisa.