Sebule Moja, Ladha Mbili: Spika za Baba na Mapambo ya Mama

Msimu wa mavuno ukipita, ufuta na mpunga vikishauzwa Kilosa, na wakulima wa miwa wa Ruhembe na Kidodi wakishalipwa, maboksi makubwa huonekana yakiteremshwa kwenye mabasi na pikipiki. Ndani mna televisheni bapa, sabufa na spika zake, na king'amuzi. Baba huingia nayo nyumbani akiwa na furaha ya mtoto siku ya Krismasi. Mama huyatazama maboksi, akaitazama sebule yake, akajiuliza kimoyomoyo: "Vyote hivi vitakaa wapi?"

Akina mama wenzangu, swali hilo ni dogo kulisikia, lakini katika nyumba nyingi limeleta ununaji wa wiki nzima. Mama ametumia miezi kufuma vitambaa vya makochi, amepanga vyombo kwenye kabati la vioo, ametundika kalenda ya kanisa mahali pake. Baba anataka spika kila kona na nyaya zipite juu ya zulia. Mama anasema sebule imegeuzwa baa. Baba anasema jasho lake halithaminiwi. Basi kila mmoja anakaa na lake moyoni, na watoto wanaona.

Katika ukurasa huu ningependa tuone kwamba ladha hizi mbili si maadui. Tukizielewa vizuri, tutakuta kwamba pambo la mama ndilo linalokifanya chombo cha baba kilie vizuri. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Vyombo vimeongezeka, sebule ni ileile

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Redio moja, National au Philips, ilikaa juu ya kabati ikiwa imevalishwa kitambaa cha kufuma, ikatiwa betri, na nyumba nzima ikaisikiliza Radio Tanzania. Zanzibar walipata televisheni ya rangi miaka ya 1970, lakini huku Bara matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994. Televisheni za wakati ule zilikuwa nene na nzito, nazo zilihitaji meza imara. Ikaja deki ya video, ikaja redio kubwa ya kaseti, zikaja spika. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na king'amuzi kikawa cha lazima.

Kila hatua imetuletea chombo kingine na waya wake. Sebule haikuongezeka hata futi moja. Ndiyo maana ugomvi huu si wa wanawake wakorofi wala wanaume wabinafsi. Ni ugomvi wa nafasi, na nafasi hupangwa kwa vipimo na mazungumzo.

Mapazia yako ni sehemu ya muziki wake

Sebule zetu nyingi zina kuta za saruji na sakafu ya saruji au vigae. Sauti ikitoka kwenye spika hugonga ukuta ikarudi, ikagonga ukuta wa pili ikarudi tena, hata maneno yakaparamiana. Fanya jaribio hili: ingia katika chumba kitupu upige kofi moja. Utasikia mwangwi. Kisha piga kofi hilohilo katika chumba chenye mapazia mazito, zulia na makochi yenye mito. Mwangwi umepungua sana, kwa sababu nguo na sufi hunyonya sauti.

Kwa hiyo baba anayelalamika kwamba kwaya haisikiki maneno, au mtangazaji wa mpira anasikika kama yuko ndani ya pipa, huenda hahitaji spika kubwa zaidi. Anahitaji zulia na mapazia. Hapo, mama, una hoja nzuri kuliko kununa: mwambie kwamba fedha ya pazia nayo ni fedha ya muziki.

Lakini kila pambo lina mahali pake. Kitambaa cha kufuma kinapendeza kwenye kochi na kwenye kabati. Kisifunike mgongo wa televisheni wala matundu ya sabufa au king'amuzi, kwa maana vyombo hivi hutoa joto kupitia matundu hayo. Vikizibwa hupata moto kupita kiasi, na maisha yake hufupika. Kitambaa kizito mbele ya spika hufifisha zile sauti nyembamba zinazotuwezesha kutambua maneno. Chombo cha maua chenye maji kisikae kamwe juu ya sabufa au televisheni. Likimwagika tone moja ndani, hasara na hatari huja pamoja.

Sabufa nayo ina siri yake. Ikisukumwa kwenye kona kabisa, mlio mzito huongezeka na kuvuma, na majirani huusikia kupitia ukutani. Isogezwe kidogo kutoka konani, mlio utatulia. Baba atapata muziki safi, nawe utapata kona ya kuweka kistuli chako cha maua.

Pimeni kwanza

Chukua utepe wa cherehani, ule wa sentimita 150. Pimeni kutoka mahali pa macho ya mtu aliyeketi hadi ukuta wa televisheni. Kanuni nyepesi ni kwamba umbali huo uwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya ukubwa wa televisheni, ukipimwa kutoka pembe hadi pembe. Televisheni ya inchi 43 ni kama sentimita 109, hivyo inataka umbali wa kati ya mita 1.6 na mita 2.7. Ya inchi 55 ni kama sentimita 140, nayo inataka walau mita 2.1. Katika sebule ya futi 10, makochi yakishaingia, ya inchi 43 inatosha kabisa. Baba akiona hesabu hii kwa macho yake hutamwambia tena kwamba ya inchi 55 ni kubwa mno, utepe utamwambia.

Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya aliyeketi. Ikitundikwa juu karibu na dari, shingo zitauma. Isitazamane na dirisha, kwa kuwa mwanga huakisi, nanyi mtalazimika kufunga mapazia mchana kutwa na joto hili letu.

Kwa meza, fundi seremala wa hapa kwetu anaweza kutengeneza ya mninga, fupi na pana, yenye rafu ya king'amuzi, mgongo ulio wazi wa kupitisha nyaya, na milango pembeni ya kuhifadhia vitambaa na vitabu vya nyimbo. Meza ya namna hiyo ni samani ya mama na ni kituo cha vyombo vya baba kwa wakati mmoja.

Mikumi ya barabarani, Kilosa ya mtoni

Mpangilio mzuri hufuata mahali mtu anapoishi. Mji wa Mikumi umekaa kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, na malori hupita usiku na mchana. Anayeishi karibu na barabara huongeza sauti ili kushindana na malori, na watoto hulala katikati ya kelele mbili. Dawa si kushindana. Wekeni mapazia mazito upande wa barabarani, na spika zisogezwe karibu na makochi, usawa wa masikio. Spika iliyo karibu husikika vizuri kwa sauti ndogo.

Kilosa tuna joto, vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Pia tunayo kumbukumbu ya mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli. Kwa anayeishi karibu na mto, sabufa na ekstensheni zisikae sakafuni, na meza iwe ya mbao halisi, kwa maana zile zilizoshindiliwa kiwandani kutokana na maranda huvimba zikilowa. Maji yakianza kuelekea nyumbani, zima swichi kuu yakiwa bado nje. Yakishaingia ndani, usikanyage maji ili kwenda kuchomoa televisheni. Televisheni inanunulika.

Macho ya muuguzi

Hapa naomba niseme kwa kazi yangu ya uuguzi, kwa sababu jambo hili si la urembo tu.

Kwanza, televisheni bapa ni nyepesi kuliko zile za zamani, lakini miguu yake ni myembamba na huanguka mbele kwa urahisi. Mtoto anayejifunza kupanda atavuta droo moja baada ya nyingine kama ngazi. Ifungwe ukutani kwa skrubu au mkanda, na kitu kinachomvutia mtoto, kama rimoti au mwanasesere, kisiwekwe juu yake. Ikimwangukia mtoto kichwani, hata akinyamaza baada ya kulia, mwangalie kwa makini. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, au damu puani na masikioni ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja.

Pili, rimoti nyingi ndogo za sabufa hutumia betri bapa mfano wa kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuanza kuunguza umio ndani ya saa 2. Usimtapishe, usingoje aitoe kwa choo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi unachoshuku. Kifuniko cha rimoti kikilegea, kifungeni kwa utepe wa gundi imara leo.

Tatu, masikio. Kama watu wawili walioketi umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, muziki umezidi. Na kuhusu watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba wenye umri chini ya miaka 2 wasikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwa hiyo ni vema pawe na kona ya sebule ambayo haiitazami televisheni, yenye mkeka na vitu vya kuchezea.

Nne, umeme. Ekstensheni ya televisheni isichomekwe pasi wala jagi la umeme, kwa kuwa jagi peke yake laweza kula wati 2000. Waya usipite chini ya zulia, maana huko huchunika pasipo mtu kuona. Maandishi makubwa ya wati kwenye boksi la sabufa yasiwadanganye. Someni kibao cha nyuma kinachosema chombo kinakula wati ngapi. Televisheni ya wati 80 ikiwashwa saa 5 kila siku hula uniti 12 za Luku kwa mwezi. Hesabu hiyo ifanyeni wote wawili kabla ya kulaumiana.

Mazungumzo kabla ya boksi

Ugumu wenyewe mara nyingi haumo kwenye spika. Umo katika kununua bila kushauriana. Fedha ya ufuta ilikuwa na kazi nyingi: sare za shule, bima ya afya, bati la jikoni. Mama akiliona boksi, anaona ada. Baba akiliona boksi, anaona pumziko baada ya mwaka wa jembe. Wote wanaona kweli.

Msingoje boksi lifike mlangoni. Chagueni siku tulivu, watoto wakiwa wamelala. Anza kwa shukrani, si kwa hesabu ya makosa. Waweza kusema: "Baba, najua unapenda muziki na mpira, na mimi napenda utulie nasi hapa nyumbani. Tukae tuone tutaweka nini wapi, na ni fedha kiasi gani tunaweza kuitoa bila kugusa ada." Kisha msikilize mpaka amalize. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho hawezi kukiacha na kimoja ambacho yuko tayari kukiachilia. Pengine baba atabaki na sabufa na kuachilia zile spika nne za konani; pengine mama atabaki na kabati lake la vioo na kulisogeza ukuta wa pili. Someni pamoja Amosi 3:3 na Mithali 24:3-4, mwombe, kisha ndipo mwende dukani.

Kubalianeni pia saa ya kuzima. Wengine huzima wakati wa chakula, wengine wakati wa sala ya jioni, wengine vyote viwili. Muhimu ni kwamba sheria iwe ya nyumba, si ya mama peke yake, na baba awe wa kwanza kunyoosha mkono kwenye swichi. Watoto hujifunza zaidi kwa mkono huo kuliko kwa maneno yetu mengi.

Dada mpendwa, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni atasifu vitambaa vyako na ukubwa wa televisheni ya bwana wako, kisha ataondoka. Watakaobaki ni ninyi. Jumamosi hii chukueni utepe wa cherehani, mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, mpime sebule yenu.