Sura ya Tano: Bei ya Shahada ya Pili

Mwaka 1961, kilipofunguliwa Dar es Salaam chuo kikuu kishiriki chenye kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini, mwenye shahada ya kwanza alikuwa adimu kiasi ambacho ofisi za serikali zilimngojea kabla hajavua joho, wala hapakuwa na aliyeona haja ya kumwuliza kama anakusudia kuendelea na masomo. Leo wahitimu hutoka vyuoni kwa maelfu kila mwaka, nafasi za kuwapokea hazikuongezeka kwa kadiri hiyo, na suala ambalo zamani liliwahusu wachache wenye shauku ya utafiti limekuwa suala la barazani: je, kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza aendelee na uzamili, na baadaye uzamivu, au aishie hapo ashike kazi?

Aghalabu watu hulijibu swali hili kwa kuisifu elimu. Sifa hizo ni za haki, lakini hazimfai kitu mtu anayetaka kujua afanye nini na akiba yake na miaka yake miwili, maana hapana anayebisha kwamba maarifa ni bora kuliko ujinga. Kinachobishaniwa ni kama shahada hii, kwa mtu huyu, katika umri wake huu, yastahiki bei yake. Yatupasa basi tuanze na bei.

Wengi wakiulizwa bei ya uzamili hutaja ada, na ada ni sehemu ndogo. Na tuchukue mfano wa kubuni, wa mwalimu apataye shilingi 900,000 kwa mwezi, ambaye ameacha kazi akasome miaka 2 katika chuo kinachotoza shilingi milioni 5 kwa masomo yote. Mshahara atakaoukosa ni shilingi milioni 21.6, na ukiongeza ada jumla yake ni milioni 26.6. Chakula na kodi ya nyumba visitiwe katika hesabu hii, kwa kuwa angekula na kulala hata kama asingesoma. Tukikadiria kwamba shahada mpya itamwongezea shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8 kwa mwaka, itamchukua karibu miaka 15 kurudisha alichokitoa, nasi bado hatujazingatia kwamba shilingi ya mwaka kesho hainunui kile inunuacho shilingi ya leo. Aliyeanza na umri wa miaka 28 anao wasaa wa kuifaidi. Aliyeanza na 45 atahitimu na 47, na kwa vile mtumishi wa umma wa Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima afikapo 60, ataaga kazi kabla fedha zake hazijarudi. Na kama angali anadaiwa na Bodi ya Mikopo, ambayo humkata mdaiwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, basi kuuacha mshahara ni pia kuliahirisha deni la shahada ya kwanza ili kuitafuta ya pili.

Lakini mwalimu huyo huyo akisoma jioni huku akifundisha mchana, au mwajiri akimpa ruhusa ya masomo yenye malipo, hasara yake hushuka hadi ile ada peke yake, nayo hurudi kabla ya miaka 3 kutimia. Mahali pa kuumiza kichwa, kwa hiyo, ni kwenye mshahara, si kwenye ada. Hapo ndipo asiye na kazi hujidanganya, maana kwa kuwa hana mshahara wa kupoteza huona uzamili kuwa kimbilio rahisi, ilhali miaka miwili baadaye atasimama katika foleni ile ile, umri umesogea, na waajiri wengine wakimwogopa kwa dhana kwamba atadai malipo makubwa. Kuchukua shahada ya pili pasipo kuijua kazi inayoihitaji ni kununua nanga kabla ya chombo.

Kwa nini mwajiri amlipe zaidi mwenye shahada ya pili? Wanauchumi wametoa majibu yasiyolingana. Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, alishikilia kwamba masomo huongeza uwezo wa mtu, na uwezo huo ndio unaolipwa. Michael Spence, katika makala ya mwaka 1973, alionyesha kwamba hata kama masomo yasingeongeza ujuzi wowote, cheti kingali chaweza kumfaa mwenyewe, kwa sababu mwajiri asiyeweza kuona undani wa mwombaji hukitazama kama dalili ya wepesi wa kufahamu na subira. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel kwa nyakati tofauti. Miaka mitatu baada ya Spence, Ronald Dore aliandika juu ya maradhi ya vyeti, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi alizozichunguza. Alieleza jinsi vyeti vinavyozidi kuzagaa ndivyo waajiri wanavyozidi kupandisha sharti kwa kazi ile ile, ili wapate njia ya kuwapunguza waombaji. Mimi nadhani wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya kazi fulani.

Daktari atakaye kuwa bingwa wa upasuaji au wa watoto kwa kawaida hana njia ya kuukwepa uzamili, na katika miaka ile hujifunza kwa mikono yake mambo ambayo shahada ya kwanza haikumpa. Huko Becker ana hoja. Mhadhiri naye hana hiari: vyuo vikuu vya Tanzania vimezoea kudai wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika ya pili, na nchini Kenya, mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu ilitoa miongozo iliyofanya uzamivu kuwa sharti la uhadhiri. Aliyehitimu na 3.2 akitamani kufundisha chuo kikuu cha umma ni heri ayajue haya kabla ya kulipa ada. Mhasibu, kwa upande wake, mara nyingi hufaidika zaidi na mitihani ya bodi ya wahasibu kuliko uzamili, na mwanasheria mwenye shahada ya pili lakini asiyefaulu mafunzo ya uanasheria kwa vitendo hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Ama zile kazi za ofisini zenye tangazo lisemalo kwamba shahada ya pili itakuwa nyongeza nzuri, hizo ni za Dore.

Masomo ya ng'ambo yana hesabu yake. Uzamili wa Uingereza huchukua kwa kawaida mwaka 1, jambo linalopunguza mshahara unaopotea, lakini ada yake haibebeki pasipo ufadhili kama Chevening, nao humtaka mfadhiliwa arudi kwao akae angalau miaka 2. Uzamivu wa Marekani hula miaka 5 au zaidi, ila vyuo vingi vikubwa humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kufundisha au kutafiti.

Yuko pia yule ambaye hasukumwi na mshahara bali na swali lisilomwacha alale, na huyo simkatazi, mradi akiri mbele ya nafsi yake na ya mwenzi wake kwamba ananunua anachokipenda. Ninayemhofia ni anayetaka kuitwa Dokta arusini.

Akisha kuamua, limesalia jambo moja ambalo maafisa udahili hawalitaji. Masomo ya darasani huisha kwa wakati wake. Tasnifu ndiyo ikawiayo, na miaka 2 iliyoandikwa katika kipeperushi huwa 4 kwa sababu msimamizi amesafiri, au amestaafu, au hasomi rasimu aliyopelekewa. Kila mwaka unaoongezeka huirefusha ile hesabu ya mwalimu wetu. Basi kabla ya kujiandikisha na afike idarani, awatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu katika masomo ya miaka miwili, awaulize ni nani anayewasimamia na sura waliyompelekea mara ya mwisho ilirudi baada ya muda gani.