Nani Atangulie: Hassan au Hussein?

Msomaji wetu wa Tumbe, Pemba, anauliza: mbona pacha huitwa Hassan na Hussein, wala hatusikii Hussein na Hassan? Jibu la haraka ni umri. Hassan, mjukuu wa Mtume, alizaliwa mwaka wa 3 wa Hijria, nduguye mwaka wa 4. Kulwa na Doto vilevile: atokaye kwanza ndiye Kulwa. Hayo tuyaache. Utamu uko kwenye jozi zisizo na mkubwa wala mdogo.

Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti, aliweka kanuni zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: maneno mawili yakiunganishwa, lenye irabu chache litangulie. Mwaka 1975 William Cooper na John Ross wakaikuta kanuni hiyo hiyo katika Kiingereza.

Sababu yake itazame dikoni Tumbe, asubuhi. Ngalawa yenye tenga moja la samaki hufika mchangani kabla ya mashua iliyosheheni. Mnadi hangoji, hunadi kilichofika, na huku bei ikipanda, mashua inashusha tanga, vijana wameingia maji ya kiuno kupakua. Akimaliza tenga la kwanza, mzigo mkubwa uko tayari. Ubongo nao hivyo hivyo. Jina fupi, au litajwalo kila siku, hufika ulimini mapema; muda wa kulitamka ndio ubongo unaoutumia kupakua lile refu. Ndiyo maana "Ali na Abdallah" huteleza, "Abdallah na Ali" husita. Jozi ikirudiwa vizazi na vizazi, haigeuki tena. Naziita jozi ganda. Wapo watakaopendelea "majina sanjari", ila sanjari haituambii kwamba zimeganda, na huko kuganda ndiko kwenye maana yote.

Urefu ukilingana, sauti huamua. Yajuju na Majuju, Haruta na Maruta: jina la kwanza huanza pumzi ikipita, la pili huanza midomo ikifumba. Sauti yenye kizuizi husukumwa nyuma. Yageuze kwa sauti, usikie.

Cheo hupindua yote hayo: Unguja ina silabi tatu, Pemba mbili, na bado twasema Unguja na Pemba.

Na Tumbe je? Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette wamechimba hapo kijiji cha biashara cha takriban mwaka 600 hadi 950, jirani na magofu ya mji wa Chwaka, uliokuja baadaye. Silabi ni mbili kwa mbili, na yote mawili huanza kwa kizuizi, kwa hiyo mimi naufuata umri: Tumbe na Chwaka.