Kiwewe: Jeraha Linalokua Pamoja na Mtu

Usiku wa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya kikosi cha jeshi huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yalilipuka. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu waliyakimbia makazi yao gizani. Wengi wao walihifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Katika mbio zile watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na ilibidi Chama cha Msalaba Mwekundu kisaidie kuwaunganisha na familia zao. Haikuwa imetimia hata miaka miwili tangu milipuko ya aina hiyohiyo itokee Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009.

Barabara inayopita Gongo la Mboto na Pugu ndiyo inayoingia Kisarawe. Wakazi wa wilaya hiyo, kuanzia mjini hadi vijiji kama Marui, wana ndugu na shughuli kando ya barabara hiyo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 4 usiku ule sasa ni kijana. Mama aliyekuwa amembeba mgongoni amekaribia utu uzima wa makamo au ameupita. Babu aliyewafungulia mlango, kama yu hai, ni mzee sana. Vidonda vya mwili vilishonwa na kupona. Lakini kijana huyo akifika zahanati leo akilalamika kwamba moyo humwenda mbio kila radi inapopiga, ni nadra mtu kumuuliza alikuwa wapi usiku ule, na yeye mwenyewe huenda asione uhusiano wowote.

Hapo ndipo ugumu wa kiwewe ulipo. Jeraha hili hukua pamoja na mtu, hubadilika sura kadiri umri unavyobadilika, na mara nyingi huja hospitalini likiwa limevaa nguo za ugonjwa mwingine.

Maana ya kiwewe

Kiwewe ni hali ya nafsi kuzidiwa na tukio la kutisha, hasa linalohatarisha uhai, mwili au utu wa mtu mwenyewe au wa mtu aliye karibu naye. Waswahili wamelijua jambo hili tangu kale. Husema mtu ameingiwa na kiwewe, amepigwa na butwaa, au roho imemruka. Tiba ya kisasa ililipa jina rasmi mwaka 1980, pale Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipouingiza ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe katika mwongozo wake wa utambuzi. Toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeongeza aina ya pili iliyo tata zaidi, ambayo huwapata hasa watu waliotendewa ukatili wa kurudiarudia kwa muda mrefu.

Dalili kuu ni za makundi matatu. Kwanza, mtu huliishi tukio upya, kwa ndoto za kutisha au kwa kumbukumbu zinazomvamia mchana kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Pili, hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Tatu, hukaa katika hali ya tahadhari isiyokoma: hushtuka upesi na kuhisi hatari mahali palipo salama. Dalili hizi zikidumu kwa wiki kadhaa na kuvuruga kazi, masomo au mahusiano, huwa zimevuka mpaka wa huzuni na hofu ya kawaida.

Ni muhimu kusema pia kwamba wengi hupona bila tiba maalumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 70 ya watu duniani hukutana na tukio linaloweza kuleta kiwewe wakati fulani maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu kati yao wanaopata ugonjwa kamili. Hivyo kulia, kukosa usingizi na kutetemeka katika siku za mwanzo si ugonjwa wa akili. Ni mwili ukijibu jambo zito.

Mwili hulijibu jambo hilo kwa njia inayofahamika. Mtu anapokabiliwa na hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora, homoni za adrenalini na kotisoli humwagika katika damu, moyo hwenda mbio na misuli hukaza tayari kwa kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, king'ora hutakiwa kunyamaza. Kwa mwenye kiwewe hakinyamazi ipasavyo. Kumbukumbu ya tukio haiwekwi katika mafungu ya mambo yaliyokwisha, na harufu ya moshi au kishindo cha mlango hutosha kukiamsha upya.

Vyanzo vyake

Milipuko kama ile ya Gongo la Mboto hutokea mara chache. Vyanzo vingi vya kiwewe ni vya kila siku. Katika Mkoa wa Pwani, ajali za barabarani hazina budi kutajwa kwanza. Barabara Kuu ya Morogoro hupita Kibaha ikiwa na malori na mabasi usiku na mchana, na Hospitali ya Tumbi, iliyo jirani na barabara hiyo, imezoea kupokea majeruhi. Kwa kila majeruhi anayelazwa kuna wengine waliotoka bila mchubuko: dereva, utingo, abiria wa kiti cha nyuma, mwendesha bodaboda aliyekuwa wa kwanza kufika. Hao hupewa pole na kwenda nyumbani.

Chanzo cha pili hakina kishindo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Kipigo cha mume, vifo vya ghafla vya wazazi, uzazi wa shida uliomalizika kwa kupoteza mtoto, moto na mafuriko navyo vimo katika orodha hii.

Vyanzo hivi havilingani kwa uzito. Jeraha linalotokana na mkono wa mtu, hasa mtu aliyeaminiwa, huwa zito kuliko lile la ajali. Linalorudiwa huwa zito kuliko la mara moja. Na linalofichwa, ambalo mhusika ameambiwa asilitamke, ndilo gumu zaidi kupona.

Sura ya kiwewe umri kwa umri

Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza kilichompata, hivyo huzungumza kwa mwili na kwa mchezo. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akizungumza vizuri hurudi nyuma. Humng'ang'ania mama, hukataa kulala peke yake, au hucheza mchezo uleule wa kugongana kwa magari bila kuchoka na bila kufurahi. Wazazi husema ni deko, na wakati mwingine humchapa, hivyo kuongeza hofu juu ya hofu.

Mtoto wa shule huumwa tumbo na kichwa, hasa asubuhi. Alama hushuka kwa sababu akili iliyo katika ulinzi haina nafasi ya kujifunza. Mwalimu huona mtoto mzembe au mkorofi. Wengi wa watoto hawa hudhani pia kwamba wao ndio waliosababisha jambo lile, na hawamwambii mtu.

Kijana wa balehe mara nyingi huja kwa sura ya hasira. Huanza kunywa pombe au kuvuta bangi ili apate usingizi, hujiingiza katika mahusiano ya hatari, hutoroka nyumbani, au hujikata mwili. Jamii humwita ameharibika. Msichana aliyebakwa huweza kufika kliniki akiwa mjamzito, na maswali yote yakawa juu ya mimba.

Mtu mzima huja na mwili. Hulalamika moyo kwenda mbio, kifua kubana, mgongo, vidonda vya tumbo visivyosikia dawa, uchovu usio na jina. Hupimwa malaria mara kwa mara na majibu kuwa hasi. Mwanamume huweza kujificha nyuma ya pombe au ukali wa nyumbani. Mama mwenye kiwewe kisichotibiwa huweza kushindwa kumchangamkia mtoto wake mchanga, ingawa anampenda. Na hivyo jeraha la mzazi huanza kugusa kizazi kinachofuata.

Mzee naye husahaulika. Akistaafu, akifiwa na mwenzi wake, au akipungukiwa nguvu za kazi zilizomshughulisha miaka yote, kumbukumbu za zamani huweza kurejea kwa nguvu. Hupiga kelele usiku, huogopa kuguswa na muuguzi, hukataa kuvuliwa nguo. Watu wa nyumbani hudhani ni usahaulifu wa uzeeni, au kwamba amechezewa. Huenda anakumbuka vizuri kuliko wote.

Madhara hayaishii katika nafsi. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliofanyika California, Marekani, ulioonesha kwamba watu waliopitia aina nne au zaidi za madhila ya utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakupitia lolote. Maradhi ya moyo, ya mapafu na saratani nayo yalionekana zaidi kwao. Haya hayana maana kwamba aliyeteseka utotoni amehukumiwa kuugua. Yana maana kwamba presha ya mtu wa miaka 50 huweza kuwa na mizizi katika chumba alicholala akiwa na miaka 7.

Wajibu wa mhudumu

Mhudumu wa zahanati hahitaji kuwa bingwa wa magonjwa ya akili ili aanze kusaidia. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, ina hatua tatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Mhudumu hutazama usalama na mahitaji ya haraka, humsikiliza anayetaka kusema, kisha humuunganisha na ndugu zake na huduma nyingine. Asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Kumbana mtu aeleze yote siku ya kwanza huweza kumdhuru.

Kwa mgonjwa anayerudi mara kwa mara na maumivu yasiyo na chanzo, swali moja huweza kufungua mlango: "Je, kuna jambo zito lililowahi kukupata ambalo mpaka leo linakusumbua?" Liulizwe faraghani, bila haraka, pasipo foleni inayosikiliza. Mgonjwa mwenye dalili nzito aulizwe pia kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa nafasi ya kulitua.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni diazepamu. Dawa hii na za jamii yake hazishauriwi kwa ajili ya kutuliza msongo wa kiwewe katika mwezi wa kwanza. Hazizuii ugonjwa na huweza kuleta utegemezi. La pili ni muda. Aliyebakwa anatakiwa kufika kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kukinga maambukizi ya VVU, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vituo vya mkono kwa mkono vilivyopo katika baadhi ya hospitali huwaweka tabibu, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, ili mhanga asirudie simulizi yake kila mlango.

Ugonjwa kamili unatibika. Tiba za mazungumzo zinazomsaidia mgonjwa kuikabili kumbukumbu hatua kwa hatua zina ushahidi mkubwa, na dawa za sonona kama fluoxetini huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Habari njema zaidi imetoka karibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, waligawanywa kwa bahati nasibu; nusu walipata tiba ya vikundi iliyoendeshwa na washauri wa kawaida waliofunzwa, wasio madaktari. Katika maeneo matatu kati ya manne, yakiwemo ya vijijini katika nchi zote mbili, dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliopata tiba hiyo. Kijiji kama Marui, kilicho mbali na daktari bingwa, kina sababu ya kulizingatia jambo hilo.

Wajibu wa nyumbani

Kinachomkinga mtoto kuliko chochote ni mtu mzima mmoja anayemwamini, asiyebadilika leo na kesho. Ratiba ya kawaida irejeshwe mapema: chakula, shule, michezo, muda wa kulala. Aelezwe ukweli kwa maneno ya umri wake, na aambiwe waziwazi kwamba kosa si lake. Asichapwe kwa kukojoa kitandani. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hupokelewa bila malipo kwa simu namba 116, na madawati ya jinsia na watoto yapo katika vituo vya polisi.

Familia nyingi humwendea kwanza sheikh, padri au mganga. Mhudumu asiwakejeli, kwani dua na kukaa pamoja humrudishia mtu hisia ya kutokuwa peke yake. Awaombe tu wasikatishe matibabu, wasimfunge wala kumpiga mgonjwa, na wamrudishe kituoni.

Kijana wa usiku ule wa Februari huenda yumo katika foleni asubuhi hii, akiwa na cheti cha kipimo cha malaria kisicho na malaria. Dawa ya maumivu anayo nyumbani. Ambacho hajapata bado ni mtu wa kumuuliza alipitia nini, na kungoja jibu.