Kwa Miguu Katika Pwani ya Tsunami

Kaskazini-mashariki mwa Japani, kati ya miji ya Hachinohe na Soma, kuna njia ya miguu yenye urefu unaozidi kilomita 1,000. Inaitwa Michinoku. Ilikamilika mwaka 2019, nayo hupita katika pwani ileile iliyosombwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, iliyoacha watu zaidi ya 18,000 wakiwa wamekufa au hawajulikani walipo. Serikali iliifungua ili wageni warudi, walale kwa wenyeji, wale samaki wao na wasikie habari kwa walionusurika.

Katika eneo la Taro, kwenye njia hiyo, ukuta wa mita 10 uliotegemewa kwa miongo mingi haukufua dafu, maji yaliuruka. Sasa umejengwa mwingine wa mita 14.7. Unalinda, ndiyo, lakini anayepita nyuma yake haioni bahari, na hilo si dogo kwa watu wanaoishi kwa kuisoma. Karibu na hapo hoteli moja imeachwa kama tsunami ilivyoiacha: ghorofa mbili za chini zimebaki nguzo za chuma tupu. Waliopigania isibomolewe walifanya jambo la maana. Mtu akiinua shingo kuitazama, anaelewa vizuri zaidi maji yalifika wapi kuliko anavyoelezwa na picha yoyote.

Kijiji cha Aneyoshi kilijikinga kwa namna nyingine. Tsunami ya 1896 iliwaacha hai watu wawili tu. Ya 1933, wanne. Baada ya hiyo ya pili walihamia juu, wakasimamisha jiwe lenye maandishi yanayokataza kujenga chini yake. Mwaka 2011 maji yalipanda bonde hilo hadi kimo cha karibu mita 40, yakaishia chini ya jiwe. Nyumba zilisalimika.

Kusini zaidi, Kamaishi ilijenga uwanja wa raga palipokuwa na shule mbili ambazo wanafunzi wake walikimbilia mlimani wakaokoka. Mechi ya Kombe la Dunia la raga la 2019 ilichezwa hapo. Kimbunga kilipofuta mechi ya Namibia na Kanada, wachezaji wa Kanada walitoka kusaidia kuzoa matope mitaani.

Aliyechoka miguu ana treni. Reli ya Sanriku ilirudisha safari katika kipande kimoja siku tano tu baada ya maafa, bila nauli. Leo inaunganisha Sakari na Kuji, kilomita 163, na msafiri anaweza kutembea asubuhi kisha akapanda treni alasiri.