Punguzo la simu na bumu la mwanachuo: Sharia yasemaje?

Ijumaa hii tunalijibu swali la mzazi mmoja wa Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi.

Mzazi huyu ni mvuvi wa dagaa na migebuka. Mwanawe anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, pamoja na nyongeza kidogo itokayo nyumbani. Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, mitumbwi ilipandishwa mchangani na nyongeza ile ikakatika. Kijana alimtuliza babaye asihofu, kwani simu yake ilijaa programu za punguzo: za chakula, usafiri, nguo, hata vifurushi vya wanachuo. Ziwa lilipofunguliwa, kijana alikuwa na deni. Mzazi anauliza: punguzo limezaaje deni, na je, ni halali?

Asili ya punguzo ni halali. Mali ni ya muuzaji, naye ana haki ya kushusha bei. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimuombea rehma mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Kwa hiyo kuponi ya bure, au pointi anazopewa mnunuzi bila kuongezewa bei, ni hiba, wala si aibu kwa mwanafunzi kuitumia. Ama kadi ya punguzo inayolipiwa ada ya mwaka, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia imeizuia kwa sababu ya gharari: mlipaji hajui kama atapata zaidi ya alichotoa au atapata hasara.

Haramu ni bei inayopandishwa asubuhi ili ikatwe jioni. Wana Ikola wanaijua hila hii katika gunia la dagaa, wakavu juu na wabichi chini. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akadai ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Sasa tuje kwenye deni. Tulimuomba kijana atusomee manunuzi yake, akayasoma kwa ukweli, Allah amlipe. Vingi alivinunua kwa sababu vimepunguzwa bei, si kwa sababu alivihitaji. Viatu vya shilingi 40,000 vikiuzwa 28,000, simu humpongeza mnunuzi kuwa ameokoa 12,000. Kwa anayetembea pekupeku, kauli hiyo ni ya kweli. Kwa mwenye jozi mbili chini ya kitanda, zimetoka 28,000 na hakikuokolewa kitu. Sura Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wasiofuja wala kufanya ubakhili. Nayo Al-Israa, aya ya 26 na 27, inamwita mbadhirifu ndugu wa shetani.

Salio lilipopungua, simu ilimkopesha amalizie malipo kabla muda wa punguzo haujaisha. Hapa hukumu inabadilika. Ada ya gharama halisi ya huduma wanazuoni wameijadili. Lakini nyongeza inayokua kwa ukubwa wa deni na wingi wa siku ni riba, hata ikiitwa kwa jina zuri namna gani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ni jambo jema, ila Muislamu akumbuke kuwa leseni haihalalishi riba. (Bumu lenyewe ni deni pia, ingawa tunashukuru kuwa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.)

Nabii Yusuf (A.S.) hakuingoja njaa ifike. Katika sura yake, aya ya 47 na 48, aliagiza nafaka iachwe katika masuke, isipokuwa kidogo cha kuliwa, kwa ajili ya miaka ya shida. Siku bumu linapoingia, mwanafunzi alipe pango kwanza, kisha agawe fedha ya chakula kwa wiki, kila wiki kivyake. Vijana wanne wanaopika pamoja wakinunua mchele na maharage kwa gunia, hupata punguzo lisilohitaji simu. Na kufungwa kwa ziwa hutangazwa mapema: kiroba cha dagaa waliokaushwa vizuri kingepakiwa treni ya Mpanda kabla ya Mei. Kijana wa Ikola alikuwa akinunua chipsi za punguzo Dodoma!

Kuhusu deni, rasilimali iliyokopwa lazima ilipwe, na ilipwe haraka ili nyongeza isizidi. Kijana atubu na asirudie. Mzazi ametuuliza pia kama auze wavu wake amlipie mwanawe. Tunamshauri asiuze. Likizo inakaribia, na katika mtumbwi wa babaye pana nafasi ya mtu mmoja wa kuvuta kasia.

Wallahu aalam.